Kitufe cha spika na ung'eng'e wa Nyanda za Juu

Kila Septemba, darasa la saba wakishaweka kalamu chini, mitaa ya Mwanjelwa na Soweto hapa Mbeya hujaa vibao vya masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, Januari ataikuta fizikia kwa Kiingereza. Mzazi wake anauliza swali lile lile la kijana wa Iringa anayetaka kuongoza watalii Ruaha: programu ipi itanitamkia maneno, nisije nikachekwa?

Zipo tele, na nyingi ni za bure. Ubishi uko kwenye faida yake. Vijana wanasema simu imeshamaliza kazi ya mwalimu wa matamshi. Walimu wakongwe wanajibu kwamba simu inafuga kasuku. Nimesikiliza pande zote mbili, na naona wanazungumzia matatizo mawili tofauti.

Vijana wana haki kwenye hili: Kiingereza hakitamkwi kama kinavyoandikwa. Sisi tumelelewa na lugha ambayo ukiiona herufi umeisikia, na mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri. Mpe mtu wetu "leopard", atasema leo-padi, kumbe ile "o" haisikiki kabisa na mkazo uko mwanzoni, kama lepad. "Record" ikiwa nomino inakazwa mwanzo, ikiwa kitenzi inakazwa mwisho. Mambo haya hayakisiki kwa akili. Mwalimu aliyeyapata kitabuni tu, bila kuyasikia, atayapitisha kwa wanafunzi jinsi alivyoyaona. Hapo kitufe cha spika ni msaada ambao baba zetu hawakuupata.

Ila spika hazilingani. Ya Google Translate ni sauti ya mashine. Sauti za namna hiyo zimeboreka sana tangu DeepMind, kampuni ya akili mnemba iliyo chini ya Google, waonyeshe mtambo wao wa kutengeneza sauti, WaveNet, mwaka 2016, lakini neno likiwa peke yake mashine haijui unataka lipi: ukiandika "record" bila sentensi, itakuchagulia. Kamusi ya Cambridge ya mtandaoni inatenganisha nomino na kitenzi, na kila kimoja kina spika ya Uingereza na ya Marekani. Kwa mtoto wa kidato cha kwanza, mimi ningeishia hapo. Forvo, iliyoanza 2008, inakusanya maneno yaliyorekodiwa na watu wa kawaida kutoka nchi mbalimbali. YouGlish nayo inalitafuta neno ndani ya video za YouTube, ukalisikia katikati ya sentensi ya mtu anayeongea kwa haraka zake. Hii ya mwisho naipenda kuliko zote, na ndiyo inayokomba bando.

Sasa upande wa wakongwe. Kusikia si kutamka, na wakati mwingine hata kusikia kwenyewe hakupo. Sikio lililozoea irabu tano za Kiswahili linaziunganisha "ship" na "sheep", na "bird" linaisukuma kwenye "bed" au "bad". Unaweza kubonyeza spika mpaka chaji iishe, ukatoka na matamshi yale yale uliyoingia nayo, tena kwa kujiamini zaidi. Ajabu ni kwamba Mnyakyusa wa Tukuyu ana irabu saba katika lugha ya nyumbani, zikiwemo "i" mbili zilizo karibu sana na zile za "sheep" na "ship". Tofauti anayohangaika nayo darasani ameinyonya kwa mama yake. Hakuna programu itakayomwambia hivyo, na walimu wanaomwambia ni wachache, maana kilugha huachwa nje ya geti la shule.

Kuna programu zinazodai kuliziba pengo hilo kwa kukusikiliza. ELSA, iliyoanzishwa 2015 na Mvietnam Vu Van, inapokea sauti yako na kukuonyesha ni wapi umeteleza. Ni kazi nzuri. Tabu ni kwamba huduma zake nyingi ni za kulipia, inataka utulivu ambao chumba cha kupanga kando ya kijiwe cha bajaji hakina, na kipimo chake kikuu ni Kiingereza cha Marekani.

Hilo la kipimo ndilo zito. Wakala wa forodha wa Tunduma anaongea na Mzambia wa Nakonde, ambaye Kiingereza chake hakifanani na cha Chicago. Mtalii wa Ruaha anaweza kuwa Mjerumani au Mwitaliano, naye Kiingereza alikikuta shuleni kama sisi. Mwaka 2000 mwanaisimu wa Uingereza, Jennifer Jenkins, alipendekeza orodha ya matamshi yanayohitajika ili wageni waelewane kwa Kiingereza. Sauti ya "th" hakuiweka: anayesema "sank you" anaeleweka. Urefu wa irabu aliuweka, na ile irabu ya "bird" pia. Mkazo wa neno aliuacha nje, na hapo simfuati, kwa sababu mkazo ukikosewa hata Mtanzania mwenzako anakuuliza umesema nini. Lakini kwa "bird" namuunga mkono. Ruaha ina zaidi ya aina 500 za ndege. Muongozaji atalitaja neno hilo asubuhi hadi jioni.

Anayetaka sauti isiyomlazimisha kuiga Mmarekani, Microsoft wana sauti mbili za Kiingereza cha Tanzania, Imani na Elimu, zinazopatikana kwenye kivinjari cha Edge kwa kipengele cha kusoma kwa sauti. Zinafaa kusikilizia notsi ndefu za baiolojia. Kurekebisha mtu haziwezi.

Kwa kujipima bila kulipa, ipo njia ambayo wengi wanayo mfukoni: kuandika kwa sauti kwenye kibodi ya simu, ambako Google wameweka hata Kiingereza cha Tanzania. Sema "I saw a bird" uone simu itaandika nini. Ikiandika "bed", umejua pa kurudia. Sentensi iwe fupi, kwa sababu ikiwa ndefu mashine inakisia kutokana na maneno jirani na kukusamehe makosa ambayo mtu asingekusamehe. Na kwa kuwa shule nyingi za sekondari haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, zoezi hili litafanyika kwa simu ya mzazi jioni, au ya mwalimu darasani, mtoto mmoja akisema na wenzake wakisubiri kuona kilichoandikwa.