Msimlaumu shangazi kwa betri

"Mama, umegeuza betri. Hapo waranti hakuna." Ndivyo shangazi alivyojibiwa Mwanjelwa wiki iliyopita alipokirudisha kifaa chake dukani, na tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia.

Shangazi anafuga vifaranga Uyole. Julai ya Mbeya mnaijua: mkaa ukizimika saa nane usiku, asubuhi unawakuta wamelundikana kona moja, wa chini wamekufa. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35. Ndiyo maana alinunua kengele ya joto, ya betri mbili ndogo, imwamshe joto likishuka. Usiku ule betri ziliisha, umeme umekatika, akabadilisha kwa kupapasa. Zikaingia kinyume. Kengele haikulia tena.

Nimekifungua. Waya wa betri umekwenda moja kwa moja kwenye kapasita, kile kinachotunza umeme kidogo, na aisii, yaani chipu inayoendesha kifaa, njiani hakuna kinga yoyote. Aisii ikipewa umeme kinyume, dayodi zilizomo ndani yake, yaani milango ya umeme ya upande mmoja, zinafunguka, mkondo unapita bila kizuizi, inachemka na kufa. Aliyeunda kitu hiki alijua betri zitabadilishwa tena na tena, na watu wenye haraka, wenye usingizi, wasioona vizuri. Alijua, akaacha. Kisha lawama anabebeshwa mama aliyekuwa gizani!

Mtaniambia kuna alama za kujumlisha na kutoa kwenye plastiki. Gizani nani anazisoma?

Mtasema pia dayodi moja inatosha. Inalinda, siwezi kubisha. Lakini betri mbili ni volti 3, na dayodi ya kawaida inakula kama 0.7, karibu robo nzima. Betri zikishuka hadi 2.4, saketi inabakiwa na 1.7 na kifaa kinazima, mkulima anatupa betri ambazo bado zina kazi. Hela hiyo anaitoa yeye, si wewe uliyechora saketi. Shotki, aina nyingine ya dayodi, ina nafuu, inakula 0.3 hivi.

Mimi nasema wekeni mosfeti ya aina ya P, swichi ndogo ya kielektroniki yenye miguu mitatu: dreni, sosi na geti. Dreni iende kwenye chanya ya betri, sosi kwenye saketi, geti kwenye hasi. Betri zikikaa sawa, umeme unapenya kwanza kwenye dayodi ya ndani ya mosfeti, sosi inapanda, geti ikiwa chini, nayo inafunguka yote. Ukinzani wake ukiwa ohm 0.05 na mkondo miliampia 20, unapoteza milivolti moja tu. Betri zikigeuzwa inabaki imefungwa. Msibadilishane dreni na sosi, maana hapo dayodi ile ile itapitisha umeme kinyume na kinga itakuwa imekufa. Na mchague inayofunguka kwa chini ya volti 2, la sivyo betri zikichoka itagoma.

Kikasha chenye kingo zinazozuia upande bapa usiguse chanya nacho kinafaa.

Jumamosi nilimpelekea shangazi kengele niliyoiunda mwenyewe. Nikamwomba azitie betri kinyume makusudi. Akarudisha mikono nyuma: "Hapana baba, vifaranga kumi na mmoja waliokufa wananitosha." Nikazitia mimi, kinyume, tukasubiri dakika tano. Kisha nikazigeuza, nikaiweka nje kwenye baridi. Ikalia.