Kabla ya kununua koili, washa balbu

Gari likianza kumisi hapa Mombasa, yaani silinda kukosa kuwaka na injini kukatakata, hukumu hutoka boneti ikiwa bado haijafunguliwa vizuri: "Hiyo ni koili, mzee. Toa pesa tukaitafute." Koili, kile kifaa kinachozalisha umeme mkali wa cheche za plagi, inaletwa, ya ex-Japan iliyokwisha tumika, inafungwa, na siku chache baadaye gari linamisi vilevile. Msimamo wangu, hata mafundi wenzangu wakininunia, ni kwamba kwa gari la pwani koili ishukiwe mwisho. Waanze waya, viungo vyake na ethi, ile njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri.

Magari tunayoletewa hapa gereji, kina Probox na Vitz, mengi yameshuka bandarini kwetu yakiwa yameshatumika Japani, na sheria ya Kenya huruhusu gari lililotumika liingie likiwa na umri usiozidi miaka 8. Nyaya zake zinafika zikiwa na umri wake, halafu ndiyo zinaanza maisha ya chumvi: feri ya Likoni asubuhi na jioni, upepo wa bahari usiku kucha, na masika barabara zikijaa maji. Shaba ikishapata chumvi na unyevu huota kutu ya kijani, na kutu hiyo hutambaa chini ya ganda la waya, mbali na pale ulipoiona. Kukwangua ncha peke yake ni kazi bure. Kata urudi nyuma mpaka ukutane na shaba inayong'aa, hata ukipoteza shubiri nzima, kisha uongeze kipande kipya.

Kifaa ninachokithamini kuliko mashine ya kusoma kodi, zile namba za hitilafu zinazotunzwa na kompyuta ya gari, ni balbu ya indiketa, ile ya wati 21, iliyofungwa nyaya mbili ndefu. Mita ya dijitali haivuti umeme wa maana, kwa hiyo kiungo kilichooza bado kitakusomea volti 12 safi nawe utaapa waya ni mzima. Balbu ile huvuta karibu ampea 1.75, na kiungo kibovu hakiwezi kuificha aibu yake: taa inafifia palepale. Chomoa soketi ya koili, washa swichi bila kustati, kisha weka balbu kati ya waya wa moto wa soketi na hasi ya betri. Halafu geuza: kati ya chanya ya betri na tundu la ethi la soketi. Upande utakaofifia ndio wenye ugonjwa.

Ila tahadhari. Koili nyingi za Toyota zinazokaa juu ya plagi zina nyaya nne: moto, ethi, na mbili zinazokwenda kwenye kompyuta ya gari, mmoja wa kuamrisha cheche na mwingine wa kurudisha jibu kwamba cheche imepigwa. Hizo mbili balbu isizikaribie kabisa, utaiunguza kompyuta. Hapo ndipo mita inapostahili heshima yake. Na usiamini rangi za waya kwenye gari lililokwisha pita mikononi mwa mafundi watatu, fuata mchoro.

Kwa ethi yenyewe, weka mita kwenye volti, mshipa mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu apige stata. Ukiona 0.2 au chini yake, sawa. Ukiona nusu volti, fungua kebo ya ethi usafishe pande zote mbili kabla hujasema neno jingine.

Mashine ikikupa kodi P0301, maana yake silinda ya kwanza inamisi. Haijasema koili imekufa. Hamisha koili ya kwanza uiweke ya tatu, na ya tatu uiweke ya kwanza. Kodi ikigeuka P0303, haya, kanunue. Ikibaki P0301, tafuta kwenye plagi, nozeli ya petroli au waya. Ni dakika chache, na ajabu ni wangapi hawafanyi.

Lakini kinachonikera zaidi ni viungo. Kusokota nyaya na kuzungusha teipu nyeusi! Joto la injini juu ya joto la Mombasa huyeyusha gundi, teipu inajifungua, na shaba inabaki uchi mbele ya bahari. Kuchomelea kwa risasi nako kuna kasoro yake: huufanya waya kuwa mgumu, na mtikisiko huukata pale risasi inapoishia. Ndani ya dashibodi naikubali. Kwenye injini nataka kiungo kilichobanwa kwa koleo yake, kikavishwa mrija wa plastiki wenye gundi ndani, unaonywea ukipashwa moto. Na acheni kudunga ganda la waya kwa sindano mkipima. Pitisha pini nyembamba nyuma ya soketi. Tundu la sindano ni mlango wa chumvi.

Magari ya zamani yenye distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi kupitia nyaya, yana raha yake: ngoja giza, washa injini, nyunyiza maji mepesi kama ukungu juu ya nyaya za plagi. Zinazovuja zitatoa cheche za buluu. Mikono mbali, hapo ni maelfu ya volti. Na usichomoe waya wa plagi injini ikinguruma eti usikilize silinda ipi imekufa. Petroli isiyoungua itakwenda kuharibu katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, na hiyo bei yake mnaijua.

Wateja nao wana mkono wao. Fundi akipima saa nzima akapata waya mmoja uliooza, ataambiwa, "Kawaya tu, nikulipe nini?" Akifunga koili ambayo haikuhitajika, analipwa bila maneno. Basi mkubaliane mapema malipo ya kupima, hata kama hakuna spea itakayobadilishwa. Na ikibadilishwa, dai uoneshwe ile ya zamani, pamoja na balbu ikiwaka kwenye soketi yake.