Rust haitaiponya SACCO yako

Ukikaa na vijana wa kompyuta hapa Kampala, humalizi soda kabla hujaambiwa kwamba mfumo wa SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, uandikwe upya kwa Rust, lugha ya programu inayosifiwa kwa usalama, ndipo uwe salama. Nusu ya dai hilo ni kweli.

Lugha za zamani, C na C++, humwachia mwandishi kazi ya kusimamia kumbukumbu ya kompyuta mwenyewe: kuiomba, kuipima, kuiachia. Akikosea kipimo, programu husoma au kuandika pasipo pake, na mara nyingi kompaila, yaani kigeuza msimbo kuwa programu, hainung'uniki. Heartbleed, kasoro iliyofichuka Aprili 2014 ndani ya OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, ilikuwa hivyo hivyo. Mtu anatuma ujumbe mfupi, anadai una urefu wa kilobaiti 64. Seva inamwamini na kumrudishia chochote kilicho jirani kwenye kumbukumbu, pengine nywila au funguo za siri. Ulinganisho mmoja tu ulisahaulika: wa urefu uliodaiwa na ule halisi. Mwaka 2019 Microsoft ilisema takriban asilimia 70 ya udhaifu inaouziba kila mwaka ni wa aina hii. Kwenye Android ya Google, sehemu ya udhaifu wa aina hii ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024, na hawakufumua msimbo wa zamani: ule mpya tu ndio walioanza kuuandika kwa lugha salama kama Rust, ambazo huzuia makosa haya.

Basi anayeunda kifaa cha kufuatilia boda boda na achague Rust, kama chipu yake inaikubali. Ikibidi C, atumie snprintf, inayoheshimu kikomo cha urefu, badala ya sprintf, awashe maonyo ya kompaila kwa -Wall -Wextra, na ajaribu kwa -fsanitize=address, inayonasa makosa ya kumbukumbu, kwenye kompyuta kabla ya kupakia kwenye kifaa.

Lakini mfumo wa SACCO mara nyingi umeandikwa kwa PHP, Python au Java, na hizo tayari zinasimamia kumbukumbu zenyewe. Mwizi hapiti huko. Anapita hapa, kwenye agizo linalotumwa kwa hifadhidata:

"SELECT * FROM wanachama WHERE simu='" . $simu . "'"

Akiandika ' OR '1'='1 kwenye kisanduku cha simu, anapata wanachama wote. Ukiunganisha maandishi namna hiyo kwa Rust, utaibiwa vile vile, ila kwa kasi zaidi. Dawa ni mistari miwili, inayotuma agizo na thamani kando kando:

$q = $db->prepare("SELECT salio FROM wanachama WHERE simu = ?");
$q->execute([$simu]);

Ukitumia PDO (kiunganishi cha PHP na hifadhidata) pamoja na MySQL, weka pia ATTR_EMULATE_PREPARES kuwa false, maana bila hivyo PDO yenyewe ndiyo inayopachika thamani ndani ya maandishi, badala ya kuiachia hifadhidata.

Java nayo haikuokolewa na usalama wa kumbukumbu. Desemba 2021 ilifichuka kwamba Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, ilisoma maandishi ya mgeni, ikayachukua kama agizo, ikaenda kupakua msimbo wake na kuuendesha.

Wengi wakishaweka alama ya kuuliza huona wamemaliza, wakasahau ORDER BY, sehemu ya agizo inayopanga matokeo. Jina la safu (column) halipachikwi kwa alama hiyo. Andika orodha ya majina yanayoruhusiwa, na lisilokuwemo likataliwe.