Siku Niliyouzwa kama Muwa

Kwenye ziara yetu ya masomo, mashamba ya miwa asubuhi na kiwanda cha sukari mchana, mwalimu alisisitiza tuandike kila kitu. Hadi saa nne daftari langu lilikuwa na jambo moja: kofia za usalama hutengenezwa kwa watu wenye vichwa vidogo.

Muwa ukishakatwa hauna subira. Kadiri unavyokaa ndivyo sukari yake inavyopungua, kwa hiyo malori hayangoji mtu. Basi letu nalo lilinasa kwenye tope. Mzee mmoja mkulima akatuonea huruma: "Pandeni langu, wanangu." Tukapanda watano, tukakaa juu ya miwa kama maharusi. (Msiige.)

Langoni lori likapanda mizani. Utaratibu ni kwamba hupimwa na mzigo, likamwage, kisha lirudi kupimwa tupu. Tofauti ndiyo miwa, na mkulima hulipwa kwa tofauti hiyo. Sisi, bila habari, tukateremka kwenda kushangaa mitambo.

Karani wa mizani alikuwa ametuona.

"Mzee, umeniuzia wanafunzi watano."

"Ni wabichi hao," mzee akajibu bila kupepesa macho. "Wametoka shamba asubuhi hii."

Kipaza sauti kikatangaza kiwanda kizima: "Wanafunzi walioingia kama miwa, warudi mizani!" Wanne wakarudi, wakapimwa pamoja na lori. Mimi nilikuwa nyuma ya boila, nikichunguza makapi yanavyochomwa kutoa mvuke wa kuendesha mitambo. Sawa, nilikuwa natafuna muwa. Nilipofika, lori lilikuwa limeshaondoka.

"Panda peke yako," karani akasema.

Nikasimama katikati ya mizani ya malori, darasa zima likitazama. Wote nilikuwa nimewaambia nina kilo 84. Tarakimu nyekundu zikawaka: 100.

"Hii mizani inaruka kilo 20 kwa 20!" nikalalamika. "Huenda ni 91!"

"Au 109," karani akasema.

Mwenyeji wetu akaona ndiyo nafasi ya kufundisha. "Kwa makadirio, tani 10 za miwa hutoa tani 1 ya sukari. Kwa hiyo kijana huyu ni kilo 10 za sukari."

"Na kilo 90 zilizobaki?" mwalimu akauliza, kalamu mkononi.

"Maji, mwalimu. Na makapi."

Darasa zima likaandika.