Picha za anga za ushirika: wingi wa saa una maana gani?

Isaac Roberts aliipiga picha galaksi ya Andromeda mwaka 1888, na tangu hapo imepigwa mara zisizohesabika. Lakini ni mwaka 2022 ndipo wapigapicha watatu wa ridhaa, Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, walipokuta kando yake utepe wa gesi ya oksijeni ambao ulikuwa haujulikani. Si kitu kidogo: una urefu wa takriban digrii 1.5, yaani kama miezi mipevu mitatu ikipangwa mstari. Kilichouficha ni uhafifu wake.

Wanaotetea picha za ushirika, yaani zile ambazo watu wengi huchangia saa za kupiga kitu kimoja cha angani kisha data zao zikaunganishwa kuwa picha moja, hupenda kuanza na mfano huu, na hoja yao ina hesabu nyuma yake. Nebula hafifu, yaani wingu la gesi au vumbi kati ya nyota, huzidiwa mwangaza na anga lenyewe, kwa hiyo picha moja hutoka imejaa chenga, vidoa vinavyotawanyika ovyo. Ukirundika picha nyingi, yaani ukiziweka juu ya nyingine na kuchukua wastani wake, chenga hupungua, ila kwa kipeuo cha pili cha muda: ili picha iwe safi mara mbili unahitaji muda mara nne. Toka saa 25 uende 100, toka 100 uende 400. Mtu mmoja mwenye ajira, mawingu na mwezi unaochomoza kila anapopata nafasi hafiki huko kwa msimu mmoja. Watu kumi wanafika.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa, ila kibaba hiki kinavyozidi kujaa ndivyo kila tone linavyozidi kupoteza thamani. Kundi lenye saa 100 likiongeza 50 linapata usafi wa asilimia 22 tu, na hapo tumekubali kwamba saa zote ni sawa. Si sawa. Saa moja chini ya anga jeusi inaweza kushinda nyingi zilizokusanywa juu ya taa za mji. Lenzi ya f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi hupitisha mwanga mwingi) humwagia kila eneo la kihisi cha kamera mwanga mara 12 hivi kuliko ya f/7. Kujumlisha saa za vifaa hivyo viwili na kuandika jumla kubwa chini ya picha ni majigambo, sijui niyaite nini kingine. Programu za kurundika hulijua hilo, ndiyo maana huzipa data uzito tofauti. Wapo wanachama ambao usiku wao wote wa baridi umehesabiwa karibu na sifuri, na hawajaambiwa.

Tena tuangalie vizuri mifano inayosifiwa. Mwanga wa ule utepe wa Andromeda ulikusanywa kwa darubini ya Sainty, kwa zaidi ya saa 100. Wenzake walishiriki kuichambua data. Ciel Austral, kundi la Wafaransa watano, lilitoa mwaka 2019 picha ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, yenye saa 1,060, lakini kwa darubini moja waliyoiendesha pamoja nchini Chile. Kote huko watu waligawana kazi au kifaa. Kuchanganya data za darubini ishirini tofauti ni jambo jingine kabisa.

Ugumu wake huonekana kwenye kingo. Picha za kusawazisha mwanga za mwanachama mmoja (zinazopigwa kwenye uso wenye mwanga sawa ili kurekebisha kona zenye giza na madoa ya vumbi) zikikosewa kidogo tu, kona moja ya picha hubaki na weupe hafifu. Mhariri akivuta mwangaza ili vitu dhaifu vionekane, ule weupe hugeuka kitu kinachofanana sana na wingu la vumbi. Ni vumbi kweli, lile linaloangazwa na nyota za galaksi yetu? Au ni mwako wa nyota angavu uliorudi kutoka kwenye filta ya mtu? Data zikishachanganywa, kulijibu swali hilo ni shida.

Na hapa ndipo naona faida kubwa ya ushirika, ambayo makundi mengi huitupa yenyewe. Darubini tatu za miundo tofauti, chini ya anga tofauti, zikionyesha uzi uleule wa gesi kila moja kivyake, hapo una ushahidi. Utepe wa Andromeda ulithibitishwa na wengine kwa vifaa vyao kabla tangazo lake halijachapishwa Januari 2023. Bila hivyo angekuja mtu akasema ni uakisi wa lenzi, na angekuwa na haki ya kushuku.

Lawama kwamba ushirika unadumaza wanaoanza siipi uzito; hakuna anayemzuia mtu kupiga na kuhariri picha zake mwenyewe. Suala la sifa ni zito zaidi. Majina thelathini yanaorodheshwa, lakini rangi, ukali na hata kipi kibaki kwenye picha huamuliwa na mhariri mmoja au wawili, na mashindanoni picha hiyo hupambana na ya mtu aliyekesha peke yake. Kuzipa picha za ushirika kitengo chake mashindanoni ni haki kwa pande zote mbili.

Mimi ningelitaka kila kundi litoe picha zilizorundikwa za kila darubini kando, kabla ya kuziunganisha, pamoja na kipenyo cha darubini, filta na hali ya anga. Na lichague shabaha zinazostahili. Moyo wa Nebula ya Orion hujitokeza kwa picha ya sekunde chache. Kuupelekea watu ishirini ni kupoteza usiku ambao ungetumika kwenye mikia hafifu ya galaksi zinazovutana.