Sokwe wa Gombe: majina, namba na ndizi

Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alipopeleka Chuo Kikuu cha Cambridge matokeo ya utafiti wake juu ya sokwe mtu wa Gombe, mkoani Kigoma, wapo wataalamu waliomwambia kwamba wanyama wale walistahili namba, si majina. Hoja yao haikuwa kiburi kitupu. Ukishamwita sokwe Flo, ni rahisi kumsimulia kama mama mwema. Na mwanawe Flint alipoacha kula na kufa wiki chache tu baada ya kifo cha mama huyo mwaka 1972, huzuni hutajwa kuwa sababu kabla mtu hajauliza habari ya maradhi.

Watetezi wa majina hujibu kwamba bila kumtambua kila sokwe, ukoo na vyeo haviwezi kufuatiliwa. Jibu hilo ni nusu tu, kwa kuwa namba nayo hutambulisha. Faida ya jina ilikuwa nyingine: lilimruhusu mtafiti kuuliza juu ya tabia ya sokwe mmoja mmoja, swali ambalo miaka ya 1960 wengi hawakulihesabu kuwa la kisayansi.

Kwa maoni yangu, ubishi huu umefunika tatizo zito zaidi, nalo ni jinsi sokwe fulani walivyopata kujulikana kuliko wenzao. Dume David Greybeard, aliyeonekana mwaka 1960 akila nyama na kuvua mchwa kwa unyasi, ndiye pia aliyetangulia kuingia kambini, akifuata chikichi zilizoiva na baadaye ndizi. Wengine wakamfuata, hata kikaanzishwa kituo cha kuwalishia. Waliozoea watu walijaza madaftari. Waoga walibaki pembezoni. Mike alipanda hadi kuwa dume mkuu mwaka 1964 kwa kuvurumisha madebe matupu ya mafuta ya taa, na madebe, bila shaka, hayaoti msituni. Werevu ulikuwa wake, lakini nyenzo ilikuwa ya kambi.

Mwaka 1991 mwanaanthropolojia Margaret Power alikwenda mbali zaidi, akidai kwamba ulishaji huo ndio uliovuruga maisha ya sokwe na kuzaa ukatili, ukiwamo ule wa 1974 hadi 1978, kundi la Kasakela lilipowamaliza madume wa kundi jirani la Kahama. Hoja hiyo ilipungua nguvu mwaka 2014, ulipochapishwa ulinganisho wa jamii 18 za sokwe, zikiwamo ambazo hazikuwahi kulishwa, ulioonyesha kwamba wingi wa mauaji haukufuata kiwango cha kuingiliwa na binadamu. Swali kama hilo lisingejibiwa na Flo na Mike peke yao. Hata hivyo, ulinganisho huo hauelezi kwa nini Passion na bintiye Pom, katikati ya miaka ya 1970, waliwapora majike wenzao watoto wachanga na kuwala, ilhali Flo, aliyeishi katika msitu ule ule, hakuwahi kuonekana akifanya hivyo. Anayetaka kulichunguza hilo hana budi kurudi kwenye kumbukumbu za sokwe mmoja mmoja, na kuangalia humo pia ni mara ngapi kila mmoja alifika kwenye ndizi.