Tusiwalaumu Waliobonyeza

Kuna swali moja ambalo nimechoka kulisikia: "Si umebonyeza mwenyewe?" Juzi nimelisikia tena, likitoka kwa fundi aliyekuwa akiisafisha kompyuta ya mzee mmoja. Mzee huyo alitaka programu ya kufungulia faili zilizobanwa, basi. Alichopata ni upau wa zana asioujua, kivinjari kilichobadilishiwa ukurasa wa mwanzo, na "kiongeza kasi" ambacho kila kompyuta ikiwashwa humtangazia mamia ya makosa, kisha humwomba alipie ndipo yaondolewe. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mzee aliomba radhi. Aliomba radhi kwa kutegwa!

Hebu tuutazame huo ubonyezaji wenyewe. Ukurasa unafunguka, na katikati yake pana kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa PAKUA SASA, ambacho ni tangazo. Chini yake pana kingine kinachofanana nacho, nacho ni tangazo pia. Kiungo cha kweli ni mstari mwembamba wa maandishi uliobanwa baina ya hivyo viwili. Ukishakipata kisakinishi, yaani faili linaloiingiza programu kwenye kompyuta, dirisha la kwanza lina leseni ambayo hakuna aliyewahi kuisoma akaimaliza. La pili linafanana na la kwanza kwa rangi na mpangilio, ila linazungumzia programu nyingine kabisa, kisanduku chake kimekwisha kutiwa alama ya tiki, na kitufe cha "Kubali" kinang'aa huku "Kataa" ikiwa imepauka kiasi kwamba mtu hudhani akiigusa ataharibu usakinishaji wote. Kisha huja dirisha la kuchagua baina ya usakinishaji wa haraka, "unaopendekezwa", na ule wa "watumiaji wataalamu", na ni katika huo wa wataalamu ambamo visanduku vya kukataa vimefichwa. Wataalamu! Kana kwamba mtu anahitaji shahada ili akatae takataka.

Hakuna lolote katika hayo lililotokea kwa bahati mbaya. Kuna mtu aliyeketi akaichagua rangi ile ya kupauka, akaamua tiki iwepo kabla mtumiaji hajafika, akaona ni sawa dirisha la pili lichukue sura ya la kwanza, kwa sababu msambazaji hulipwa kwa kila programu ya ziada inayoingia kwenye kompyuta ya mtu. Katika biashara ya namna hiyo, mtumiaji asiye makini ndiye mali ghafi yenyewe, na kumshauri awe makini ni kumtupia mzigo ambao umetengenezwa makusudi ili umshinde.

Wala tusiseme yanayofanya hivi ni majina ya vichochoroni tu. Mnamo Desemba 2011 Gordon Lyon, mwandishi wa Nmap, programu ya kuchunguza mitandao ya kompyuta, alilalamika hadharani kwamba Download.com, tovuti ya CNET, ilikuwa ikiifunga programu yake ndani ya kisakinishi kilichobeba upau wa zana na kubadilisha mipangilio ya kivinjari. SourceForge, tovuti iliyokuwa nyumba ya heshima ya programu huria, ilianzisha mwaka 2013 mpango wa DevShare, wa kutia nyongeza za matangazo ndani ya visakinishi na kugawana mapato na watengenezaji, na mwaka huohuo watengenezaji wa toleo la Windows la GIMP, programu ya kuhariri picha, wakaihama. Mwaka 2015 ikabainika kwamba akaunti waliyoiacha imetwaliwa na SourceForge yenyewe, na jina la GIMP linatumika kusambaza kisakinishi chenye nyongeza za matangazo.

Lakini mfano unaonichoma kuliko yote ni wa tochi. Mnamo Desemba 2013 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza mashtaka na makubaliano yake na mtengenezaji wa Brightest Flashlight, tochi ya simu za Android iliyokuwa imepakuliwa mara makumi ya mamilioni. Programu hiyo ilimwonyesha mtumiaji masharti pamoja na vitufe viwili, cha kukubali na cha kukataa. Tume ilieleza kwamba kabla hata mtu hajagusa chochote, tochi ilikuwa imekwisha kuanza kukusanya mahali alipo na namba ya utambulisho wa simu yake na kuvituma kwa watu wengine. Aliyekataa na aliyekubali walikuwa sawasawa. Narudia kwa ajili ya yule fundi: hapo mtumiaji alibonyeza nini?

Hapa ndipo wengi hunikumbusha kwamba rahisi ghali. Sikubali. VLC, programu ya kuchezea video na muziki, ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, haitozi hata senti, na Jean-Baptiste Kempf, anayeliongoza shirika la VideoLAN, amesema hadharani kwamba alikataa mamilioni ya euro ili isijazwe matangazo. 7-Zip ya Igor Pavlov imekuwapo tangu mwaka 1999, nayo inafungua zile faili zilizobanwa alizozitaka mzee wetu bila kumbandikia chochote. Kwa hiyo tusiisingizie bei.

Kuhusu programu za "kusafisha simu" nina sentensi moja tu: Android inasimamia kumbukumbu yake yenyewe, na programu ambazo visafishaji hivyo huzifunga kwa mbwembwe za ufagio hujifungua tena dakika chache baadaye na kula chaji zaidi.

Nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba watengenezaji nao wanakula, na tangazo linalojitambulisha kuwa ni tangazo sina ugomvi nalo. Nakiri pia kwamba ushauri wa kupakua kutoka kwa mwenye programu ni mzuri, ila haumalizi tatizo. Kati ya tarehe 15 Agosti na 12 Septemba 2017, toleo la 5.33 la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, lilisambazwa kutoka tovuti yake rasmi, likiwa na sahihi halali ya kidijitali, huku ndani mna programu hasidi, na takriban watumiaji milioni 2.27 walilisakinisha. Hao walifuata ushauri wote.

Ninachodai si kikubwa: kisanduku kiachwe kitupu, "Kataa" iwe na ukubwa na rangi ya "Kubali", na tangazo lisivae nguo za kitufe cha kupakulia. Anayesema hayo hayawezekani aitazame tena SourceForge, ambayo mwanzoni mwa mwaka 2016 ilipata wamiliki wapya, nao katika muda wa wiki chache wakaifuta DevShare. Sikumbuki kusikia kwamba watumiaji waliitwa kwanza kwenye semina ya kusoma madirisha kwa makini.